Benchi Tupu

Msomaji, ukipita hospitalini ukakuta benchi la waliovunjika mifupa halina mtu, utashangilia au utaingiwa na hofu? Swali hili laonekana jepesi, maana ni nani asiyefurahi wagonjwa wakipungua? Lakini mwaka 2020 lilikuwa zito, na wengi wetu tulilijibu kwa haraka.

Kumbuka siku zile. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa katika Kenya tarehe 13 Machi. Shule zikafungwa, na tangu tarehe 27 ya mwezi huo ikawa marufuku kutoka nje baina ya saa 1 jioni na saa 11 alfajiri. Mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa, kadhalika Mombasa, Kilifi na Kwale. Viwanja vya mpira vikawa kimya. Pikipiki ambazo huwatupa vijana wetu mitaroni zikalala mapema.

Madaktari wa mifupa wa nchi nyingi zilizofunga watu majumbani walieleza kwamba walioumia barabarani na michezoni walipungua sana. Hiyo ilikuwa faida ya kweli, wala siidharau. Lakini waliona na jambo la pili: wazee waliovunjika nyonga hawakupungua kwa kiasi hicho, mahali pengi walikuja karibu kama desturi. Sababu haikuwa siri. Mzee haanguki uwanjani. Huanguka baina ya kitanda na choo, na amri ya kukaa nyumbani humfungia mlango pamoja na hatari yake. Tena nyonga iliyovunjika haifichiki, kwa kuwa mwenyewe hawezi kusimama.

Basi kama nyonga haifichiki, kidole je? Kifundo cha mkono je? Aliyeweza kuvumilia alivumilia. Kwa hiyo benchi lile tupu lilikosa watu wa namna mbili, asiyeumia na aliyeumia akajificha, na jicho la mpita njia haliwezi kuwatenga.

Namjua mama mmoja ambaye mwanawe alianguka kutoka mwembeni siku zile, jua likielekea kuchwa. Kiwiko kilivimba. Saa ya marufuku ilikuwa karibu, mwenye bodaboda akakataa kwenda, na huko hospitali, mama alisikia, kulikuwa na mauti. Akaufunga mkono kwa leso na vipande viwili vya ubao. Je, alikuwa mjinga? Hasha. Alipima hatari mbili: moja ilitangazwa redioni kila siku kwa hesabu, ya pili haikutajwa na mtu. Zaidi ya hayo, alijiona anatenda wema, anawaachia nafasi wale waliokosa pumzi.

Wema huo ndio unaonitatiza. Tumelelewa tukiamini kwamba kutotanguliza shida yako mbele ya shida ya mwenzio ni uungwana, na ni kweli kwa kiti cha basi au kwa zamu ya kisimani. Walakini mfupa haujui uungwana. Mfupa wa mtoto huanza kushikana katika majuma machache, ukiwa umenyooka au umepinda; ukishikana umepinda, daktari huenda akalazimika kuuvunja tena ili aunyoshe. Hapo aliyejinyima nafasi ya leo ataomba kesho kitanda, chumba cha upasuaji na siku nyingi za uuguzi. Na kubwa kuliko hayo, mkono ule alioutoa mama haukuwa wake.

Je, lawama yote ni yake? Mimi nakataa. Anayewaambia watu wakae nyumbani ana wajibu wa kuwaambia, kwa sauti ile ile, nani asikae. Sauti ya kwanza ilivuma kila mahali; ya pili, pale mtaani petu, sikuisikia.

Marufuku ya usiku iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mtoto yule sasa ni mwanafunzi kama wewe, na kiwiko chake hakinyooki sawasawa. Siku moja nilimwuliza mama yake: kama jioni ile ingerudi, angefanya nini? Aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza ni bodaboda gani ambayo ingewabeba.