Mzigo Usioulizwa

Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikiwa na deni la karo la mihula miwili, nikarudi nyumbani Busia. Binamu yangu alinipa pikipiki yake niiendeshe usiku. Kazi hii inasemekana ilizaliwa hapa hapa: jina bodaboda lilitokana na vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda hadi boda.

Jioni moja jamaa fulani alinisimamisha Sofia, upande wa Uganda. Alikuwa na gunia moja lililofungwa vizuri, juu yake omena. "Peleka Marachi. Usipite getini." Nauli ya kawaida ilikuwa mia moja. Yeye alinipa elfu mbili. Nikapita njia ya panya, taa nimezima. Omena ilinuka sana, lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ile ambayo kila kijana wa mtaani anaijua. Sikuuliza. Ile elfu mbili ilinunua dawa za presha za mama.

Wiki mbili baadaye rafiki yangu wa stejini alishikwa na gunia kama lile. Mahakamani akasema hakujua limebeba nini. Mama yake akaja stejini, akaniuliza, "Mwanangu, nyinyi hubeba pamoja. Ni kweli hakujua?" Nikamjibu, "Mama, sisi hubeba tu."

Jibu hilo limeninyima usingizi.

Stejini tuna utetezi wetu, na si wa kijinga. Tunasema mpaka ni mstari wa mzungu. Hadi mwaka 1902 eneo hili letu lilihesabiwa kuwa Uganda, kisha likahamishiwa upande wa pili kwa kalamu tu. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili. Sukari huvuka, mayai huvuka, mahindi huvuka. Na sheria zenyewe hazikai mahali pamoja. Kenya miraa ni zao linalotambuliwa na sheria tangu 2016. Uganda, sheria ya 2024 imeiweka kundi moja na bangi. Hata sheria ya Uganda iliyotangulia ilifutwa na Mahakama ya Katiba mwezi Mei 2023, kwa sababu bunge liliipitisha bila akidi. Sasa jani likiwa halali hapa na haramu hatua ishirini mbele, dhambi iko kwenye jani au kwenye mstari?

Ninakubali kwamba mstari hautengenezi dhambi. Lakini ukikubali hivyo, lazima ukubali na upande wa pili: mstari hauifuti pia. Kama kuvuka si kosa, basi nihukumiwe kwa kile nilichobeba na kwa wale kinaowafikia. Kuna vijana wa darasa la nane mtaani kwetu ambao siku hizi hawaendi shule, na siwezi kuapa kwamba gunia langu halikuwafikia.

Halafu kuna hili la kutojua. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuambiwa, na kuna kutojua kunakolipiwa. Ile elfu moja na mia tisa ya ziada haikuwa ya petroli. Ilikuwa bei ya kufunga mdomo wangu, na mtu akikulipa usiulize, tayari amekujibu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Mimi nililinunua la kwangu, tena kwa pesa za mwenye gunia.

Mwenye gunia naye analijua hilo. Ndiyo maana hapandi pikipiki. Sheria ya Kenya ya 1994 iliweka adhabu inayofika kifungo cha maisha kwa msafirishaji, na anayepatikana barabarani ni yule wa mia moja.

Sikubeba tena. Sisemi hivyo nisifiwe, niliogopa. Rafiki yangu bado yuko rumande, na kesi inasogezwa mbele kila mara. Nikisema alijua, namfunga. Nikisema hakujua, naukubali ule uongo niliojiambia usiku ule. Mama yake tunakutana sokoni. Huwa ananisalimia kwanza, ananiuliza mama yangu anaendeleaje na presha.

Namwambia anaendelea vizuri, dawa anapata.