Baiskeli Isiyolala

Mtu aliyezoea baiskeli ya miguu miwili ndiye anayehangaika zaidi akikabidhiwa ya miguu mitatu. Nimeyaona kwa baba yangu mdogo, hapa Tarime, baada ya kisukari kumwondolea mguu. Enzi zake alikuwa akienda Sirari na kurudi kwa baiskeli, mzigo nyuma. Alipopewa hii ya kuzungusha kwa mikono, tulidhani ataikalia na kuondoka.

Thubutu! Baiskeli ya kawaida hukata kona kwa kulala, hii hailali. Baba mdogo anainamisha bega, baiskeli inanyoosha njia yake. Mkono ule ule unaozungusha pedeli ndio unaogeuza usukani. Barabara ikiinama kidogo tu, baiskeli inavutwa mtaroni, na ukikata kona kwa kasi, tairi la ndani linanyanyuka.

"Baba mdogo, usilalie kona!"

"Mwanangu, mikono imesikia. Kiuno ndicho kibishi."

Watoto walicheka, na baadhi ya watu wazima pia. Kwetu mzee hufundisha. Akionekana anajifunza, tena kwa kuyumba, anahesabiwa ameishiwa. Yeye hakusubiri giza. Alijifunza mchana kweupe, akiwaagiza wale wale waliomcheka wamsukume mlimani. Heshima yake kwangu iliongezeka hapo.

Linaloniudhi ni hafla zetu za kukabidhi baiskeli hizi. Hotuba, makofi, picha, kisha mtu anaachwa na chombo asichokijua. Hakuna anayemwonyesha namna ya kufunga breki kwenye mteremko, wala wa kumwambia mnyororo ukikatika aende wapi. Kule Serengeti, ukitoka Mugumu kuingia vijijini, changarawe na makorongo havichelewi kukilaza chombo uani, kuku wakatagia humo.

Na baiskeli hii si ya kumtoa mtu kitandani tu. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wafanyabiashara wenye ulemavu wamevusha bidhaa kwa baiskeli za aina hii miaka mingi, wakasomesha watoto.

Halmashauri za Tarime na Serengeti zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja kikikopeshwa kufungua karakana ya baiskeli hizi, kitengeneze na kufundisha waendeshaji, wateja wapo. Maofisa maendeleo ya jamii, anzeni na hilo kabla ya hafla nyingine.