Steringi Aliyepigwa Risasi Alfajiri

Somo la juma: Marko 6:45–52

Kila aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua sheria: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini kabla sinema haijaisha atarudi kuwashughulikia maadui mmoja mmoja. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, vijana wetu wa Kwakoa walipomaliza kutazama Night of the Living Dead kwenye ukuta wa darasa la kipaimara, hakuna aliyenyanyuka kwenye benchi. Walikuwa wanasubiri pati tu, yaani sehemu ya pili.

Filamu hiyo ni ya mwaka 1968, haina rangi, na George Romero aliitengeneza na wenzake huko Pennsylvania, Marekani, kwa fedha za kuungaunga. Damu yake ni sharubati ya chokoleti. Jina la filamu lilipobadilishwa dakika za mwisho, tangazo la hakimiliki lilisahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule kosa hilo liliifanya kuwa mali ya watu wote. Nayasema haya kwa faida ya mzee wa kanisa aliyeniuliza kama tunaonyesha vitu vya wizi. Kwa kuwa maneno ni ya Kiingereza, kijana mmoja alisimama kando ya projekta akitafsiri kwa mtindo wa Lufufu, yule mtafsiri wa sinema za mabandani, na chumvi hakuibania. Hata wafu, ambao kwenye filamu hawasemi neno, yeye aliwapa maneno.

Kisa chenyewe ni chepesi. Wafu wanaamka na kuwala walio hai. Redioni na kwenye televisheni wataalamu wanabishana kama chanzo ni mionzi ya chombo kilichotumwa sayari ya Zuhura. Watu saba wamejifungia kwenye nyumba ya shambani, na badala ya kupambana na walioko nje wanagombana wao kwa wao. Harry, mwanamume mkorofi mwenye mke na mtoto mgonjwa, anataka wote washuke chumba cha chini wafunge mlango. Ben, ambaye ndiye steringi, anasema kule ni mtego. Vijana wote walikuwa upande wa Ben. Lakini mwisho wa usiku sita wamekufa, naye Ben anapona kwa kujifungia chumba kilekile cha chini alichokikataa. Mzee mmoja aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake alisema wazi kwamba Harry alikuwa na haki tangu mwanzo. Walimzomea, kwa heshima. Ubishi huo ulichukua muda mrefu kuliko nusu ya filamu, na mimi niliufurahia kuliko filamu.

Kisha kunakucha. Raia wenye bunduki, wakiongozwa na sherifu, wanapita mashambani na mbwa wao wakiwamaliza wafu. Ben anasikia milio. Anapanda ngazi taratibu, anasogea dirishani, anachungulia. Sherifu anamwonyesha mmoja wa watu wake mahali pa kulenga: katikati ya macho. Risasi ni moja tu. Zinazofuata ni picha mnato zenye chembechembe kama za gazeti: wanaume wameshika kulabu za nyama, mwili unabebwa, moto unawashwa. Ben amechomwa pamoja na wafu aliopigana nao usiku kucha.

Ben aliigizwa na Duane Jones, mtu mweusi kati ya Wazungu, na ndani ya filamu hakuna anayetaja rangi yake hata mara moja. Romero alisimulia kwamba walikuwa wameshamaliza kazi, wako njiani kuipeleka filamu New York, waliposikia kwenye redio ya gari kwamba Martin Luther King ameuawa. Hiyo ilikuwa Aprili 1968. Basi watazamaji wa Marekani waliona katika risasi ile jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa mdomo. Kwetu lilisemwa. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa amekaa kimya muda wote na mtandio usoni, aliuliza: “Mbona hawakupiga hodi?”

Swali hilo nimekaa nalo juma zima.

Sisi wa tambarare hii hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta kisa cha kutisha. Ng'ambo ya Ziwa Jipe ni Tsavo, na huko, mwaka 1898, simba wawili wasio na manyoya shingoni waliwala wajenzi wa daraja la reli kwa miezi. John Patterson, msimamizi wa kazi, aliandika baadaye kwamba wafanyakazi walikataa katakata kuwa hao ni simba. Walisema ni mashetani waliovaa umbo la simba. Patterson aliwaua wote wawili Desemba ya mwaka huohuo. Leo wamesimama, wamejazwa, katika jumba la makumbusho la Field kule Chicago, na Hollywood iliwafanyia filamu mwaka 1952, Bwana Devil, ambayo watu waliitazama kwa miwani maalumu ili simba aonekane anawarukia mapajani. Kumwita simba shetani hakukumpunguzia simba kitu. Balaa huanza tunapompa binadamu jina hilo.

Na tunampa. Mara ngapi tumesoma magazetini kwamba mchawi ameanguka na ungo? Habari huwa zinafanana. Alfajiri, mwanamke mzee anakutwa uani kwa watu, nusu uchi, hawezi kujieleza. Umati unajaa. Kuna wanaopiga picha kwa simu na kuna wanaookota mawe. Baadaye sana, pengine kituo cha polisi, pengine hospitali, inajulikana kwamba ni bibi wa kijiji cha pili mwenye ugonjwa wa kusahau, alitoka usiku akapotea njia. Huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yameiva kwa moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, kwa miaka mingi ya kuwapikia watu. Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928, lakini sheria haiwezi kufika kwenye ua wa mtu kabla ya jiwe la kwanza.

Sasa tuje kwenye somo letu la juma, lile la ziwani. Marko anasema ilikuwa zamu ya nne ya usiku, yaani kati ya saa tisa na alfajiri, saa ileile ambayo bibi zetu huanguka na ungo. Wanafunzi wa Yesu wamo mashuani, wamechoka, upepo uko mbele yao, wanavuta makasia bila kusogea. Wanamwona mtu anakuja juu ya maji. Wakadhani ni mzuka, wakapiga kelele, na Marko anasisitiza kwamba walimwona wote. Hawa si watu wajinga. Ni wavuvi, ziwa wanalijua kama wavuvi wetu wa Jipe wanavyojua viboko wanakopita usiku. Wala Marko hawakemei kwa kuogopa. Mtu akitembea juu ya maji gizani, kuogopa ni akili timamu.

Tofauti iko katika kilichofuata. Wangeweza kumrushia kasia. Lakini yule waliyemdhania mzuka alipata nafasi ya kusema, na wao walikaa wakaisikia sauti. Mathayo anaongeza kwamba Petro aliuliza kwanza: kama ndiye wewe, niamuru nije. Mahubiri mengi humcheka Petro kwa kuzama. Mimi namsifu kwa lile “kama”. Lilikuwa hodi yake.

Wazazi wawili wamenijia wakilalamika kwamba tunaingiza mapepo kanisani. Kuhusu watoto wadogo wana haki. Wa chini ya kipaimara hawataruhusiwa tena, wala kupitia dirishani. Kuhusu vijana sikubali. Wana simu, na usiku, chini ya blanketi, wanatazama mambo mabaya kuliko haya bila wa kuwauliza wamewaza nini. Na anayetaka Biblia isiyotisha ataruka Endori, ambako Sauli anaomba Samweli apandishwe kutoka kwa wafu, na bonde la Ezekieli, ambako mifupa inasogeleana kwa kishindo na kuvikwa mishipa, nyama na ngozi. Hakuna sharubati ya chokoleti ya kutosha kwa sura ile.

Jumamosi ijayo tutatazama The Day the Earth Stood Still, ya mwaka 1951. Mgeni anashuka kutoka angani mjini Washington, anatoa zawadi mfukoni, na askari mwenye wasiwasi anampiga risasi. Baadaye anapanga chumba kwa jina la Carpenter, yaani Seremala. Atakayeng'amua kwa nini, atatueleza. Tunaanza saa kumi jioni kamili, madirisha yakiwa yamefunikwa maturubai, kwa sababu tembo wameshuka tena mashambani na napenda kila mtu awe amefika nyumbani kabla ya giza. Mje na viti, mabenchi hayatoshi. Wale wazazi wawili nimewaalika, na mmoja ameshakubali.