Mioyo, Mawe na Maporomoko ya Sipi



Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.t.), anayeteremsha maji kutoka mawinguni na kuyapitisha ndani ya ardhi hadi yakatoka kuwa chemchemi na mito. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao hadi Siku ya Mwisho.

Ama baad. Ndugu zangu katika imani, kila muhula unapokaribia kumalizika, swali hurudi msikitini na mabwenini: ziara ya jumuiya mara hii ni wapi? Kwa sisi tunaosoma Mbale jibu haliko mbali. Mlima Elgon tunauona kila asubuhi mawingu yakipungua. Upande wa Kapchorwa, pembezoni mwa hifadhi ya taifa ya mlima huo, mto Sipi unaanguka mara tatu kwenye majabali, na poromoko la chini kabisa lina urefu wa karibu mita 100. Chini ya kila poromoko pana dimbwi la maji baridi, na njia ya miguu inapita kati ya migomba na mibuni kuunganisha moja na jingine.

Wapo kati yetu wanaohesabu siku za ziara hiyo. Wapo pia wanaosema ni upuuzi, kwamba fedha na wakati huo vingetumika kwa darsa. Makala haya nimeyaandika kwa makundi yote mawili.

Nianze na wanaouliza kama jambo hili lina asili katika dini. Aya ya 20 ya Suratul Ankabut inamwamrisha Mtume (s.a.w.) awaambie watu watembee katika ardhi, kisha watazame jinsi Allah alivyoanzisha uumbaji. Hayo ni mambo mawili, kutembea na kutazama, na wengi wetu tunatimiza la kwanza tu.

Abu Dawud amepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa kuhusu kutoka kwenda nyikani, akajibu kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitoka kwenda kwenye "tilaa". Wanavyuoni wameeleza kuwa hiyo ni mikondo ya maji yanayoteremka kutoka sehemu za juu kwenda mabondeni. Yaani Mtume wetu, pamoja na mzigo wote wa umma aliokuwa nao, alikuwa akitoka mjini kwenda mahali panapopita maji. Katika hadithi hiyohiyo, siku moja alipotaka kutoka alimpelekea Bibi Aisha ngamia jike ambaye bado hakuzoea kupandwa, akamuusia awe mpole kwake, kwa kuwa upole haukosi kulipamba jambo lolote unapoingia. Zingatieni: wasia wa matembezi yale ulikuwa ni upole kwa mnyama.

Basi, ndugu zangu, suala si kwenda au kutokwenda. Suala ni moyo gani unakwenda, na moyo gani unarudi.

Katika Suratul Baqara, aya ya 74, Allah (s.w.t.) anawazungumzia watu wa Bani Israil ambao mioyo yao ilikuwa migumu hata baada ya kuoneshwa dalili zilizo wazi. Ameifananisha mioyo hiyo na mawe, kisha akaeleza kuwa ni migumu zaidi. Sababu ni kwamba mawe yenyewe yana kheri ya namna tatu: yapo yanayobubujika mito, yapo yanayopasuka tu yakatoka maji, na yapo yanayoporomoka kwa kumcha Allah. Sijui mahali pa kuifundishia aya hii panapofaa kuliko Mlima Elgon, kwa sababu mawe yote matatu yapo pale, na kila mmoja wetu anaweza kwenda kuyaona.

Jiwe la kwanza ni lile la Sipi yenyewe. Elgon ni volkano ya zamani sana iliyozimika, na miamba yake ilitokana na moto. Leo juu ya miamba hiyo mto unaanguka usiku na mchana, masika na kiangazi. Hauulizi nani anakunywa. Unawapa Wasabiny wa pale mlimani, unashuka tambarare, na mwishowe maji yake yanaingia katika bonde la Ziwa Kyoga na mto Nile. Huu ni mfano wa moyo wa mwanachuoni na wa mtu mkarimu, ambaye kheri yake inafika kwa watu asiowajua.

Jiwe la pili ni dogo. Ukipita njia ya miguu utaona ukuta wa mwamba wenye ufa, na katika ufa huo maji yanachuruzika kidogo kidogo, pengine kiasi cha kujaza kiganja. Hakuna anayepiga picha pale. Lakini mkulima amechomeka kipande cha ganda la mgomba, na dumu lake linajaa taratibu. Ndugu yangu unayedhani huna cha kuutolea Uislamu kwa kuwa husomi sharia na sauti yako si ya kusomea Qur'an hadharani, jiwe hili ni lako. Allah ameutaja ufa huu pamoja na mto katika aya moja.

Jiwe la tatu ni zito kulizungumzia. Lugha yetu ya Kiswahili inaita maporomoko yale ya maji tunayoyapanda basi kwenda kuyatazama, na inaita maporomoko yale ya ardhi yanayofukia vijiji. Jina ni moja na mlima ni mmoja. Mwezi wa Machi 2010, katika wilaya ya Bududa, upande mwingine wa Elgon hii hii, ardhi iliporomoka ikafukia kijiji cha Nametsi na watu wengi wakafariki. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa hapa Mbale na kuchukua roho za watu. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Baadhi ya wasomaji wa makala haya wana jamaa waliofukiwa, na hawahitaji kuelezwa na mimi.

Asije mtu akasema kwamba waliokufa walikuwa waovu kuliko sisi. Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amewahesabu aliyezama majini na aliyeangukiwa na kifusi miongoni mwa mashahidi. Aya inasema mawe ndiyo yanayoporomoka kwa kumcha Mola wao. Funzo ni letu sisi tuliobaki: ikiwa jiwe linanyenyekea, mimi ninayesimama salama mbele ya poromoko la Sipi na simu mkononi nina kiburi cha nini?

Tena maporomoko ya ardhi yana sababu ambazo Allah ameziweka. Mvua nyingi inanyesha kwenye mteremko mkali, udongo unashiba maji, na pale ambapo miti imekatwa ili kupata shamba hakuna mizizi ya kuushika. Watu hawakati miti kwa ubaya, ni wengi na ardhi ni ndogo. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu anayepanda mti, kila atakachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake. Basi ninapendekeza kwa viongozi wa jumuiya: ziara ya Sipi isiwe ya kutazama peke yake. Kila basi lichukue miche, tukubaliane mapema na wenyeji wapi ipandwe na nani ataitunza, na muhula unaofuata twende tukahesabu iliyoshika.

Sasa niseme machache kuhusu siku yenyewe ya safari, maana dini yetu haikuacha jambo bila adabu.

Kwanza ni sala. Kutoka Mbale hadi Sipi hakufiki kilomita 60. Kwa wanavyuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, safari inayoruhusu kupunguza sala huanzia kilomita 80 na zaidi. Wapo waliolitazama suala hili kwa desturi ya watu badala ya kipimo cha masafa, nao tunawaheshimu. Lakini anayeichukua rai hiyo aichukue kwa elimu, baada ya kumuuliza sheikh wake, si kwa sababu basi limechelewa. Dhuhuri ina rakaa nne, na kule kuna nyasi safi na maji ya udhu hatua chache kutoka kwenye mswala. Ni fedheha kurudi na picha mia na sala moja pungufu.

Pili ni dhikri ya njiani. Jabir (r.a.) amesimulia, na Bukhari akapokea, kwamba maswahaba walipopanda mahali pa juu walileta takbira, na waliposhuka walileta tasbihi. Njia ya Sipi ni kupanda na kushuka tangu mwanzo hadi mwisho. Anayepanda anamtukuza Allah asije akajiona mkubwa, na anayeshuka anamtakasa na kila upungufu. Ukifanya hivi, hata kuhema kwako kunakuwa ibada.

Tatu ni maji. Darasani tunasoma tofauti ya maji yanayotiririka na maji yaliyotuama, na kipimo cha kulla mbili, ambazo ni takriban lita 200. Kule somo hilo linakuwa hai. Kando ya mto pana vidimbwi vidogo kati ya mawe ambavyo havifiki kipimo hicho, na kwa Mashafii najisi ikiingia humo maji hayafai tena kwa twahara. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na amekataza kwenda haja kwenye vyanzo vya maji, njiani na kwenye kivuli wanachopumzikia watu. Mahali pa matembezi ni hapo pote patatu kwa pamoja.

Na kuna jambo zaidi ya twahara. Nimewaona watoto wa kijijini wakisubiri na madumu ya manjano pembeni mwa dimbwi, na ndani yake wageni wanajipaka sabuni. Watoto hawakusema kitu, kwa sababu mwenyeji humwonea mgeni haya. Lakini kunyamaza kwao hakukuwa ridhaa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tusiwe wageni ambao mwenyeji hupona wakishaondoka. Anayetaka kuogelea aulize kwanza watu wanachota wapi. Sabuni ibaki kwenye mkoba. Chupa na mifuko ya plastiki tuliyokuja nayo tuondoke nayo, na tuliyoikuta tuiokote pia, kwani kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani.

Nne ni usalama na haki za watu. Mawe ya karibu na poromoko yana ukungu na utelezi mwaka mzima. Allah (s.w.t.) ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi, na kutegemea qadar hakumzuii mtu kuvaa viatu vinavyoshika. Dada zetu wapewe nafasi na njia yao bila kusukumwa wala kuharakishwa, na anayechoka asubiriwe. Kijana wa kijijini anayetuongoza njiani alipwe ujira tuliokubaliana kabla hatujapanda basi, na wala asikatwe kwa hoja kuwa sisi ni wanafunzi. Naye ana ada ya shule ya kulipia ndugu zake.

Ndugu zangu, sisemi simu ni haramu wala kicheko ni dhambi. Hanzala (r.a.) alipohofu kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu moyo wake haukubaki nyumbani kama ulivyokuwa mbele ya Mtume, aliambiwa kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Tucheke, tule, tupige picha. Lakini kila mmoja, kabla hajaondoka pale, akae peke yake dakika tano mbele ya maji, afunge simu, na ajiulize swali moja: katika yale mawe matatu, moyo wangu unafanana na lipi? Kama kuna ndugu ambaye hajasemeshwa tangu muhula uanze, kama kuna deni la rafiki linalofichwa, kama kuna mzazi kijijini anayesubiri simu, ufa uanzie hapo. Maji kidogo yanatosha kuanza, na Allah ndiye anayeyazidisha.

Ewe Mola wetu, ilainishe mioyo yetu kama ulivyoyalainisha mawe yakatoa maji. Warehemu ndugu zetu waliofukiwa Bududa na Bulambuli na waliochukuliwa na mafuriko ya Mbale, na uwakubali miongoni mwa mashahidi. Walinde wanaolala leo kwenye miteremko chini ya mvua. Jaalia kutembea kwetu kuwe kutazama, na kutazama kwetu kuwe kukujua Wewe. Aamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.