Stika Imebanduka, Gundi Imebaki



Vijana wenzangu, kuna swali naulizwa sana: "Frateri, nimeungama vizuri, padre kanipa maondoleo. Mbona kesho yake bado navutwa na kitu kilekile? Au sikusamehewa?"

Nitajibu kwa mfano wa gari. Mjomba wangu alinunua gari lililotumika, likaja na stika ya muuzaji kwenye bodi, nyuma. Kuitoa hakuhitaji nguvu. Unaipasha joto kwa drayeri ya nywele mpaka gundi ilegee, unaanzia kwenye kona, unavuta taratibu. Inatoka, na jina la muuzaji halionekani tena. Lakini pitisha kidole: bado panata, na vumbi la barabarani linaganda hapohapo.

Mwenye haraka huchukua kisu au thina. Gundi inatoka kweli, ila na rangi inaweza kwenda nayo! Mwenye subira anapaka mafuta kidogo ya kula, anayaacha dakika chache, anafuta kwa kitambaa laini, anarudia, mwisho anaosha kwa maji na sabuni.

Kwenye Kitubio, stika imetoka. Dhambi imesamehewa, usiitilie shaka huruma ya Mungu. Ila Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba hata dhambi ya mauti ikishaondolewa, masalia yake huweza kubaki, yaani ile mielekeo tuliyoijenga kwa kurudia matendo yetu. Ndiyo maana, kama Katekisimu inavyoeleza (na. 1459), baada ya maondoleo bado tuna kazi ya kufanya malipizi na kurekebisha tulichoharibu. Na kuvutwa siyo kukubali.

Sasa, usichukue kisu. Kujichukia, kujiita "mimi sifai", kuacha hata kwenda Misa, hayo yanakwangua rangi uliyopewa siku ya Ubatizo. Chukua mafuta: sala fupi kila siku, malipizi uliyopewa, Ekaristi, kufuta ile namba kwenye simu. Kesho rudia.

Na usifanye peke yako. Lazaro alitoka kaburini akiwa hai kabisa, lakini bado amefungwa sanda. Yesu akawaagiza waliokuwa pale wamfungue (Yn 11:44). Wewe unaye nani wa kukufungua? Mtafute wiki hii, awe padre wako, mlezi wa vijana au rafiki anayesali, umwambie ukweli.

Mungu awabariki.