Uzito wa Utangulizi

Je, maneno yanayotangulia vifungu ni sehemu ya sheria? Wanasheria wa hataza wanalijua vizuri swali hili. Mtu amesajili dai linalotanguliwa na maneno "mashine ya kuvuna ngano", kisha akaeleza sehemu zake moja moja. Mwingine akiunda ileile akavunia shayiri, ameingilia haki yake? Mahakama moja ya Marekani ilisema mwaka 1951 kwamba utangulizi huhesabika pale unapolipa dai uhai. Dai likijitosheleza bila huo, ngano ni jina la matumizi tu.

Kipimo hicho hakinitoshi, na sababu zangu ziko Hanang na Mbulu, Tanzania.

Sheria ya Ardhi ya Tanganyika ya 1923 ilitanguliza tamko kwamba haki za kimila za wenyeji kutumia ardhi, kwa kiasi cha kujikimu wao, familia zao na vizazi vyao, zihifadhiwe. Vifungu vyenyewe viliiweka ardhi mikononi mwa Gavana, na vilijitosheleza kabisa. Wanakijiji wa Mulbadaw, Hanang, walilishtaki shirika la umma la kilimo, NAFCO, lililoingia katika ardhi yao kulima ngano. Walishinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo, ikisema, pamoja na mengine, kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa tafsiri ya sheria. Sheria iliyotungwa kuwalinda ikawageuka, na hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 1994 ikafika katika mahakama hiyohiyo kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati huo wilaya ya Mbulu. Serikali ilitetea sheria ya 1992 iliyofuta haki za kimila vijijini, ikidai kuwa haki hizo si mali. Jaji Mkuu Francis Nyalali aliurudia utangulizi wa 1923, akahukumu kwamba haki hizo ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba Rais ameshika ardhi kama mdhamini wa wananchi.

Kwangu, basi, swali la kwanza ni vifungu vinasimama kwa faida ya nani. Hata hivyo utangulizi nao hubana. "Kiasi cha kujikimu" cha mfugaji wa Kibarbaig anayehamisha ng'ombe kufuata malisho ya Basotu, hukohuko Hanang, kinapimwaje, na nani apime?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliyaingiza malengo ya aina inayowekwa kwenye utangulizi ndani ya kifungu cha 3, na kumtaka kila anayeitumia au kuitafsiri ayazingatie. Chini ya sheria hiyo, jaji hawezi tena kuyaruka.