Wapweke Wanapoimba Pamoja

Mwaka 1992 bendi ya Radiohead ya Uingereza ilitoa wimbo "Creep", kilio cha mtu anayempenda mwenzake kwa mbali huku akijiona hafai, hastahili hata kuwa pale alipo. Kabla ya kiitikio, gitaa hukwaruza ghafla kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuuvunja wimbo wenyewe. Baadaye Scala, kwaya ya wanawake kutoka Ubelgiji, iliurudia kwa piano na sauti nyororo. Mwaka 2010 toleo hilo likasikika katika tangazo la filamu ya The Social Network. Maneno ni yaleyale, ila mpweke mmoja sasa amekuwa wapweke wengi. Hapo ndipo penye ukweli: anayedhani ni yeye tu asiyefaa amezungukwa na wenzake wanaodhani vivyo hivyo.

Yupo atakayesema kwamba kwaya imeupamba uchungu, na kwamba unyonge ukiimbwa vizuri watu huuzoea. Hoja hiyo ina uzito, kwani kujidharau si jambo la kusifiwa. Lakini wanakwaya hawawezi kuimba bila kila mmoja kumsikiliza wa pembeni yake na kuvuta pumzi naye. Kazi hiyo yenyewe inayakanusha maneno wanayoyaimba, maana kila sauti inahitajika. Basi leo ukijiona huna nafasi kazini, darasani au nyumbani, usijifungie. Mweleze mtu mmoja unayemwamini. Aibu ikishasemwa hupungua nguvu.